Damu ya Mzee

Bibi alilifungua fundo la pindo la kanga yake taratibu, akaniwekea kiganjani mawe mawili mekundu, kila moja likiwa na ukubwa wa punje ya mahindi. Tulikuwa tumeketi mkekani, uani kwake, katika Bonde la Mto Umba mkoani Tanga, na jua la saa nne lilikwisha anza kuchoma.

"Hebu nitazamie, mjukuu wangu. Haya si yakuti haya?"

Nilikuwa na miezi michache tu tangu nianze kujifunza kazi ya kutambua mawe. Nikalishika moja, nikalielekeza angani, nikaona wekundu uliokolea unaoelekea zambarau. Nikaliwekea tochi kwa nyuma, likawaka kama kaa lililopulizwa. Umba ni bonde la rubi na la yakuti za kila rangi, kwa hiyo sikuona sababu ya kusita. "Ndiyo, bibi. Ni rubi." Akamshukuru Mungu, akanipa moja nikalipime vizuri mjini, na jingine akalirudisha fundoni.

Siku nne baadaye nilijua kwamba nimemwambia uongo. Lilikuwa ganeti, ile yenye chuma kingi inayoitwa almandini. Ni jiwe zuri na ni jiwe la kweli, lakini bei yake na bei ya rubi ni mbingu na ardhi, na katika siku hizo nne bibi alikuwa amekwisha kumwita fundi aje kupima paa. Tangu hapo kazi hii nimeifanya kwa hofu na kwa mapenzi, na leo nataka kuisifu.

Nianze na rangi, kwa kuwa ndiyo iliyoninasa. Kiswahili kina jina lake tangu zamani: damu ya mzee. Huu si wekundu wa pilipili, hauna haraka hiyo. Ni wekundu uliotulia, wenye kiza ndani, na jiwe likizidi ukubwa kiza kinashinda, likaonekana jeusi mpaka ulimulike. Mafundi wa kale walilijua tatizo hilo. Waliuchimba mgongo wa jiwe ukawa kama kibakuli ili nuru ipate njia, au walilikata bapa jembamba na kuliwekea karatasi ya dhahabu chini yake irudishe mwanga. Hivyo ndivyo zilivyotengenezwa ganeti zilizokutwa Sutton Hoo, Uingereza, katika kaburi la karne ya 7 lililofukuliwa mwaka 1939: bapa nyembamba zilizopangwa kwenye vijumba vya dhahabu, na bado zinawaka baada ya miaka zaidi ya 1,300 ardhini.

Jina la ganeti lina asili ya Kilatini, katika neno la komamanga, na aliyewahi kulipasua komamanga lililoiva hahitaji kuelezwa kwa nini. Almandini ni jina la mahali. Plinio wa Roma, katika karne ya 1, alitaja mawe mekundu ya Alabanda, mji wa kale ulioko leo nchini Uturuki, na karne zikaligeuzageuza jina hilo mdomoni mpaka likawa hivi lilivyo. Sisi watu wa pwani tuna yakuti, akiki, marijani, feruzi na zumaridi. Ni majina mazuri, nami nayapenda, ila yakuti peke yake imebebeshwa mawe mengi mno. Bibi hakukosea kuliita jiwe lake yakuti kwa kipimo cha lugha. Mimi ndiye niliyekosea, kwa sababu niliulizwa kama mtu wa kipimo nikajibu kama mtu wa macho.

Aliyenifundisha kazi ni mzee mmoja aliyechambua mawe Arusha tangu ujana wake, akikaa na madalali barazani, karatasi nyeupe zilizokunjwa zikipita mkono hadi mkono. Nilipomsimulia habari ya bibi hakunigombeza. Alilichukua lile jiwe, akalirusha kidogo kiganjani, akalidaka, akalirusha tena. "Umelisikia?" Sikusikia kitu. Akanipa kipande cha kioo chekundu cha ukubwa uleule, nikafanya kama yeye, na mkono ukaelewa kabla yangu. Jiwe lilikuwa zito kupita umbo lake.

Uzito huo unapimika, na njia yake naipenda kuliko zote kwa sababu haihitaji chochote isipokuwa mizani nzuri na bilauri ya maji. Unalipima jiwe hewani, kisha unalipima likiwa limening'inia ndani ya maji. Jiwe la bibi lilikuwa karati 6.12 hewani na karati 4.60 majini. Maji yalikuwa yamelibebea karati 1.52, na 6.12 ukiigawa kwa 1.52 unapata takriban 4.03. Yaani jiwe lile ni zito mara nne ya maji ya ujazo wake. Kioo cha kawaida hubaki karibu na 2.5, kwatzi 2.65, turmalini nyekundu kama 3.06, spineli ya Mahenge 3.60. Zote hizo zikaondoka mezani kwa bilauri moja. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alikwisha ifanya kazi hii katika karne ya 11 kwa chombo alichokibuni mwenyewe, akipima maji yaliyofurika kila alipotumbukiza kito, na hesabu zake nyingi ziko karibu sana na zetu. Kila nikining'iniza jiwe kwenye uzi namkumbuka.

Lakini rubi nayo ni 4.00. Hapo ndipo wengi huishia na kuamini kwamba wamefika. Mzani umesema kweli, ila haujasema yote, na mtambuzi anatakiwa ajue kila chombo kinaishia wapi.

Basi nieleze jiwe hili ni nini hasa. Almandini ni silikati: ndani yake silikoni na oksijeni zimeshikana katika vifungu vidogo vya pembe nne, na vifungu hivyo vimeunganishwa na alumini na chuma. Fomula yake ni Fe₃Al₂(SiO₄)₃. Ukiipiga hesabu, takriban theluthi ya uzito wa almandini safi ni chuma. Theluthi! Ni sawa na kushika msumari uliogeuzwa kuwa divai. Chuma hicho hakikujificha, kinajionyesha kila upande, na uzuri wote wa kazi ya kulitambua jiwe hili, kwa maoni yangu, uko hapo: dalili ni nyingi, chanzo ni kimoja. Ganeti yenye magnesiamu badala ya chuma, ile inayoitwa pairopo, ikiwa safi kabisa haina rangi na uzito wake ni 3.58 tu. Ondoa magnesiamu, weka chuma, na uzito unapanda mpaka 4.32 huku rangi ikizama kwenye damu ya mzee.

Ardhini, hata hivyo, usafi huo ni nadra. Chuma na magnesiamu hukaa pamoja kama wapangaji wa nyumba moja, na jiwe huitwa kwa jina la mwenye vyumba vingi. Mchanganyiko unaopendwa zaidi wa wawili hao ni rodolaiti, jina lililotolewa mwaka 1898 kwa mawe ya North Carolina, Marekani. Leo rodolaiti za Tanzania zinajulikana kote duniani kunakouzwa vito.

Nilichonga uso mmoja mdogo wa jiwe la bibi, nikaung'arisha mpaka ukawa kama dirisha, nikalilaza kwenye rifraktomita, chombo kinachopima jiwe linavyoipinda nuru. Kivuli kilisimama kwenye 1.785. Rubi ingesoma kati ya 1.76 na 1.77, tena ingetoa vivuli viwili, kwa kuwa rubi huigawa nuru inayoingia ndani yake. Ganeti haigawi. Fuwele yake imepangika sawasawa pande zote, na nuru hupita bila kuchagua njia. Kwa 4.03 na 1.785 nikaweza kukadiria kwamba chuma kimevuka nusu na magnesiamu imebaki nyuma. Wala usidhani rifraktomita humaliza kila kesi: almandini safi hufika 1.83, na kimiminiko tunachokitumia kwenye chombo hicho kinakomea 1.81, kwa hiyo ukiona giza tupu ujue jiwe limepanda juu ya ngazi yako.

Kati ya vidrisha viwili vya kuchuja nuru, vilivyopishanishwa hadi giza likaingia, ganeti ikizungushwa inatakiwa ibaki gizani. Almandini mara nyingi haitii. Huchezacheza, huonyesha mawingu ya mwanga, kwa sababu ya mkazo iliozaliwa nao. Mwanafunzi mwenye pupa akiyaona mawingu hayo hutangaza rubi. Nilikwisha karibia kosa hilo kwa jiwe hilihili, na bahati yangu ni kwamba mzee alikuwa amenikalia begani.

"Bado hujaliuliza linakula nini," akasema, akanipa kijibomba cha shaba chenye urefu wa kidole.

Ilikuwa spektroskopu. Nikalilaza jiwe kwenye karatasi nyeusi, nikalimulika kwa ubavu, nikabandika bomba jichoni. Upinde wa mvua ulikuwa umelazwa, mwekundu huku, zambarau kule, na katikati palikuwa pamekatwa. Mkato mmoja mpana ulikuwa kwenye njano, karibu nanomita 576. Miwili ilikuwa kwenye kijani, 527 na 505. Mitatu, myeusi, imesimama wima kama nguzo za baraza. Nilikaa kimya muda mrefu. Arthur Church aliiona nchini Uingereza mwaka 1866, na nadhani naye alikaa kimya.

Mikato hiyo ni chuma kikila. Kila atomu ya chuma ndani ya almandini imezungukwa na oksijeni nane, na kwa mkao huo inachukua vipande fulani vya nuru na kuviacha vingine. Inachukua njano na kijani. Kinachobaki kutufikia ni nyekundu, pamoja na kidogo cha upande wa buluu na zambarau, na mchanganyiko huo ndio ule niliouona uani kwa bibi nikauita rubi. Kwa hiyo rangi haikunidanganya kwa makusudi. Nilisikia neno la mwisho la sentensi nikajifanya nimesikia sentensi nzima. Rubi ina sentensi nyingine. Rangi yake ni ya kromiamu, na ukiitazama kwa bomba hilohilo unapata nyuzi nyembamba kwenye wekundu wa mwisho, karibu na 694. Chini ya taa ya urujuanimno rubi nyingi huwaka nyekundu. Almandini hukaa kimya kabisa, maana chuma huzima mng'ao wa namna hiyo.

Mistari mitatu ile imefichua hata ujanja wa binadamu. Kuanzia katikati ya karne ya 19 mafundi wa Ulaya waliyeyusha kioo cha rangi chini ya kipande chembamba cha almandini, kwa kuwa almandini hukubali kushikana na kioo na huupa uso ugumu. Kioo cha buluu kikatoka kama yakuti ya buluu, cha kijani kama zumaridi. Pete nyingi za namna hiyo zimerithiwa na watu wasiojua. Ukiligeuza jiwe kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, mara nyingi unaona duara jekundu limelizunguka, na ukilimulika kwa mwelekeo sahihi, ile mistari ya chuma inajitokeza ndani ya jiwe linalodai kuwa zumaridi.

Sumaku ilikuja baadaye. Zile za zamani zilikuwa dhaifu kwa kazi hii, lakini sumaku za nyodimi, zilizobuniwa miaka ya 1980, zinavuta almandini waziwazi. Kiweke kijiwe kwenye kipande cha godoro la sponji, kiache kielee juu ya maji, isogeze sumaku bila kugusa. Kitakufuata kama bata anavyomfuata mamaye. Rubi na spineli nyekundu hazisogei. Jiwe likiruka ghafla na kuganda kwenye sumaku, lishuku, huenda ndani yake kuna chembe za magnetaiti zinazovutwa kwa nguvu zaidi. Kwa wachimbaji wadogo walio mbali na maabara, sijui zawadi nzuri kuliko kipande hicho cha sumaku.

Kukwaruza ndiko mzee alikokukataza. Ugumu wa almandini, 7 hadi 7.5 kwa kipimo cha Mohs, unaijulisha vya kutosha: inachora kioo na rubi yenye 9 inaichora yenyewe. Lakini jiwe lililokwaruzwa ni mali ya mtu iliyoharibiwa na aliyeombwa aitazame. Huko machimboni, kwenye vipande visivyo na thamani, haya. Mezani, marufuku.

Nimekaa sana mezani. Nje, ganeti inatambulika kwa namna nyingine, na nayo ni furaha. Katika shisti yenye ulanga mwingi, ile inayometameta kama magamba ya samaki, almandini hutokeza kama vinundu, na ukikivunja kipande kwa uangalifu unapata fuwele yenye nyuso 12, kila uso umbo la kishada cha kurushia, au nyuso 24 zilizoipa umbo la mpira. Ngozi yake mara nyingi ni ya kahawia, kutu ya chuma chake chenyewe. Ikivunjika haipasuki kwa bapa kama ulanga. Inameguka kwa mabonde kama chupa. Milima ya Pare, Usambara na Uluguru imejaa miamba geu yenye ganeti, iliyopikwa ardhini chini sana zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, na mito inazishusha mpaka pwani, ambako bahari huzichambua na kuziacha katika michirizi myekundu-zambarau juu ya mchanga. Seremala anazijua bila kuzijua, maana ziko kwenye baadhi ya misasa yake.

Mwanajiolojia naye anaisoma ganeti kwa shabaha nyingine. George Barrow, akitembea nyanda za juu za Uskoti, alionyesha mwaka 1893 kwamba madini hujitokeza kwa zamu kadiri tope la kale lilivyozidi kupata joto, na zamu ya ganeti ni hatua inayojulikana. Fuwele hukua kutoka kiini kwenda nje, na mara nyingi kiini kina manganizi zaidi na ukingo una chuma na magnesiamu zaidi, tabaka juu ya tabaka. Nyingine zilibingirika zikiwa zinakua, mwamba ukizisukuma, na chembe zilizomezwa ndani yake zimejipanga kwa mzunguko kama nyumba ya konokono. Nimewahi kuona kipande chembamba cha namna hiyo chini ya darubini. Mlima ulivyosogea, jiwe liliandika.

Kuna jambo moja la Umba linaloniuma, nami nitalisema. Katika miaka ya 1960 wachimbaji waliokuwa wakitafuta rodolaiti bondeni humo walipata ganeti za rangi ya waridi na chungwa, mchanganyiko wa pairopo na ganeti ya manganizi. Wanunuzi wakazikataa kwa kuwa hazikuwa na ukoo unaojulikana, na jina zililopewa likawa malaya. Jina hilo limeingia katika vitabu vya vito duniani kote, na huko huelezwa kwa upole kuwa maana yake ni aliye nje ya ukoo. Sisi tunajua lina maana gani na linamlenga nani. Jiwe halikuwa na kosa. Lilikutana na watu waliokuwa na majina machache kuliko mawe, wakalitukana badala ya kulipima, na tusi wakaliazima kwa wanawake. Sasa ganeti hizo zinatafutwa kwa bei nzuri. Ningependa zipate jina jingine.

Nilirudi Umba wiki iliyofuata na bomba langu la shaba mfukoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na nilipofika yakanipotea yote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Uso wako umekwisha sema."

Nikamwambia. Nikamwomba radhi kwamba nililipa jina kabla ya kuliuliza. Alinyamaza, akachora mkekani kwa kidole, kisha akasema fundi atamwambia asubiri. Nilipomwomba atazame mwenyewe alidhani namfariji, lakini alilifungua fundo, akatoa lile jiwe la pili, nami nikalimulika na kumshikia bomba jichoni. Ilichukua muda jicho lake kupata mahali.

"Naona kikoi," akasema.

"Tazama vizuri."

"Kikoi kimechomolewa nyuzi. Moja, hii pana. Mbili. Na hii ya tatu." Aliondoa jicho, akalitazama jiwe bila bomba, akarudi tena kwenye bomba. "Na hizo nyuzi zimeliwa na nini?"

"Chuma, bibi. Kimo humo ndani."

Akalipima kiganjani, akilirusha kidogo na kulidaka, bila mtu kumfundisha, kisha akalifunga tena pindoni. "Kule mtoni yapo meusi, mazito kuliko haya. Wajukuu huyachezea bao. Hayo nayo una namna ya kuyauliza?"

Nikamwambia ninayo sumaku, na mizani iko kwenye mkoba. Akajifunga mtandio, akachukua bakuli la maji jikoni.

"Basi twende, jua halijawa kali."